Kunyoosha na Kusafisha Vitabu vya Katuni vya Zamani Unguja na Pemba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kila wiki, barazani Mji Mkongwe na kwa sauti za WhatsApp kutoka Wete na Chake. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale yanayonikosesha usingizi. Kabla hujashika kitabu chochote, elewa jambo moja: maelekezo mengi yanayosambaa yaliandikwa na watu wa nchi za baridi na hewa kavu. Wao huanza kwa kuipa karatasi unyevu. Sisi wa visiwani tuanze kwa kuutoa.

## Mwanzo kabisa

Kunyoosha kitabu cha katuni ni kufanya nini hasa?

Ni kukilaza kitabu kati ya vitu viwili vilivyonyooka sawasawa, ukakipa joto dogo na uzito, kisha ukakiacha kipoe palepale. Karatasi ni nyuzi za mti zilizoshikana. Joto na unyevu kidogo huzilegeza, uzito huzilaza, na zikipoa zikiwa chini ya uzito hubaki hivyo. Hapo kwenye kupoa ndipo kazi yenyewe ilipo. Anayekitoa kitabu kikiwa bado cha moto amepoteza muda wake, kwani kitajikunja tena kabla hajamaliza kikombe cha chai.

Ni kasoro gani zinazonyooka, na zipi hazinyooki?

Zinazonyooka ni vibonyeo vya vidole, mikunjo ambayo haikuvunja rangi, mawimbi ya unyevu, na mgongo uliopinda kwa sababu msomaji alikikunja kitabu nyuma kama gazeti. Mkunjo uliovunja rangi, ule unaoacha mstari mweupe juu ya jalada, unaweza kulala lakini mstari utabaki. Mpasuko, kipande kilichomeguka, doa la chai, kutu na umanjano wa uzee ni mambo ambayo hakuna mashine itakayoyaondoa.

Kabla ya kuamua, simama karibu na dirisha asubuhi, kishike kitabu kwa mlalo na ukiinamishe taratibu ili mwanga upite juu ya jalada kwa pembeni. Kila kibonyeo kitatupa kivuli. Hesabu vivuli, kisha hesabu mistari meupe. Mistari ikizidi vivuli, kiache kitabu kama kilivyo.

Nianze na kitabu gani?

Na kile ambacho kikiharibika hutolia. Tafuta vitabu kumi vilivyochakaa vyenye karatasi ya aina moja na vile unavyovithamini. Usijifunzie gazeti la kila siku, kwani halina jalada wala pini, na jalada na pini ndivyo vinavyowatoa watu jasho.

Katuni zetu za Kiswahili zinafuata njia hiyo hiyo?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo, lakini kwa mkono mwepesi zaidi. Magazeti ya vibonzo yaliyochapwa Dar es Salaam miaka ya 80 yana karatasi duni, jalada jembamba, na wino ambao nimeuona ukitoka kwa raba kwa mpapaso wa tatu tu. Vitabu vya Marvel na DC vya tangu miaka ya 90 kwa kawaida vina jalada la kung'aa na huvumilia zaidi kusuguliwa, ila vina hatari yao (tazama swali la kurasa kugandana).

Na niseme wazi: hizi zetu ndizo zinazonihangaisha. Kitabu cha Marekani kikiharibika huku, kuna nakala zake huko kilikotoka. Gazeti la vibonzo la Kiswahili lililosomwa na mtaa mzima kisha likafungiwa maandazi, ukilipata zima, huenda ndilo la mwisho utakaloliona.

## Hewa yetu

Kwa nini unasisitiza kukausha kwanza?

Karatasi hunywa maji kutoka hewani. Unyevu wa hewa Unguja mara nyingi unapita asilimia 75, na Pemba, inayopata mvua nyingi zaidi, ndiyo kabisa. Kitabu kilichokaa rafuni mwezi wa Aprili kimekwisha kuwa na unyevu ambao fundi wa nchi kavu angetumia saa kadhaa kuutia kwa chombo maalumu. Ukikipeleka moja kwa moja kwenye joto, maji hayo hugeuka mvuke yakiwa yamefungiwa katikati ya kurasa, na hayana pa kutokea.

Nilijifunza hilo vibaya. Mwaka wangu wa kwanza, katikati ya masika, nilikitoa kitabu cha jalada la kung'aa rafuni nikakiweka kwenye mashine ya kubana kwa joto. Kesho yake nilipoinua jalada nilisikia sauti ndogo, kama mtu anayebandua plasta ya jeraha. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeshikana na jalada kwa upana wa kiganja. Uso wa shujaa ulitoka ukurasani ukabaki ndani ya jalada, umegeuka kushoto kulia, na jicho lake moja likabaki kule ulikotoka. Kitabu kile ninacho hadi leo, na kila anayetaka kujifunza namwonyesha hicho kwanza.

Ninakikaushaje bila kukiharibu?

Chukua dishi la plastiki lenye kifuniko kinachobana. Chini weka vijipakiti vya silika, vile vya kuvuta unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, juu yake wavu au kibao chenye matundu, kisha kitabu kikiwa kimelala wazi kidogo, na pembeni kipima unyevu kidogo cha betri. Funga. Lenga asilimia 45 hadi 50. Kwa kawaida huchukua siku mbili hadi nne. Usishuke chini ya 40, kwani karatasi ya zamani ikikauka mno huvunjika kama biskuti.

Silika ikishiba ikaushe kwenye oveni kwa joto la nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, kisha iko tayari tena. Wengi huniuliza kuhusu mchele. Mchele unavuta unyevu kidogo mno na unaleta wadudu, kwa hiyo uacheni jikoni.

Jua je? Si lipo bure?

Jua linakausha, lakini linapausha rangi na kuharakisha umanjano. Karatasi ya katuni za zamani ilitengenezwa kwa mti uliosagwa, ambao bado una lignini, na hiyo lignini ikipigwa na jua hugeuka hudhurungi. Ndiyo maana gazeti lililosahauliwa darini pembeni mwa dirisha huwa la rangi ya chai upande mmoja tu. Kausha kivulini.

Miezi ipi ni mizuri kwa kazi hii?

Kipupwe, Juni hadi Agosti, kusi likivuma na mvua zikiwa zimepungua. Kaskazi ya Januari na Februari nayo inafaa ingawa joto ni kali. Masika mimi sinyooshi kitu isipokuwa ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Vuli natazama kipima unyevu, si kalenda.

## Kusafisha

Nasafisha kabla au baada ya kunyoosha?

Kabla, siku zote. Chembe ya mchanga iliyobaki juu ya jalada, ikiingia chini ya uzito, itachimba shimo lake hapo na shimo hilo litabaki. Kwetu mchanga uko kila mahali, hata ndani ya mifuko ya shati.

Nitumie nini?

Anza na brashi laini, ile ya rangi za maji au ya vipodozi ambayo haijawahi kugusa poda. Fagia kutoka mgongoni kwenda nje. Kisha sponji kavu ya mpira, ile ya kusafishia masizi, kwa mipapaso mifupi ya upande mmoja. Mwisho, kwa uchafu uliokaidi, raba nyeupe laini ya plastiki. Raba ya waridi iliyo nyuma ya penseli za skuli usiiguse, ina mchanga ndani yake na itakula wino.

Jalada jeupe la kung'aa linastahimili raba. Rangi nyekundu na nyeusi nzito zinatoka haraka. Kila baada ya mipapaso miwili tazama raba: ikiwa ya kijivu, unaondoa uchafu, ikiwa nyekundu, unaondoa kitabu.

Mikono iwe imeoshwa na kukauka vizuri. Mafuta ya nazi, hina mbichi, hata mafuta ya udi uliyojipaka Ijumaa, yote yanahamia kwenye karatasi na hayatoki tena. Glavu za pamba sizipendi, kwa kuwa zinakwaruza ncha za kurasa na unapoteza hisia ya kidole.

Jina lililoandikwa juu ya jalada lifutike?

La penseli linaweza kufutika kwa raba, ingawa alama ya msukumo wa penseli itabaki. La peni ya wino liache. Spiriti, maji ya jiki, na kiondoa rangi ya kucha vinafuta jina pamoja na picha iliyo chini yake. Na wakati mwingine jina ndiyo historia yenyewe: nina gazeti lenye majina manne ya ndugu wa nyumba moja, kila mmoja amelikata jina la mwenzake, na silifuti hata nikilipwa.

Ukungu naufanyaje?

Kwanza tenga kitabu ndani ya mfuko ili kisiambukize vingine. Vaa barakoa. Kikaushe kama ilivyoelezwa juu mpaka ukungu uwe kama vumbi. Ukiwa bado na unyevu, ukiugusa utaupaka ndani ya karatasi. Kisha toka nje, pasipo na upepo wa kukurudishia usoni, uufagie kwa brashi ambayo haitatumika kwa kazi nyingine. Usifute kwa kitambaa chenye maji. Madoa ya hudhurungi yatakayobaki hayatatoka. Ukungu huota unyevu ukipita asilimia 65 hivi kwa siku kadhaa, kwa hiyo ukikirudisha kitabu rafuni palepale utaurudia mchezo huo masika yajayo.

## Kunyoosha

Sina mashine. Naweza kutumia pasi ya nyumbani?

Hapana. Hata alama ya chini kabisa, ile ya nailoni, inafika karibu nyuzi 110, na kitabu kinataka 65 hadi 75. Pasi inapanda na kushuka joto, uso wake una matundu ya mvuke, na mkono haubonyezi sawa. Ya mkaa ndiyo usiitaje kabisa, cheche moja inatosha.

Anza na uzito bila joto. Chukua mbao mbili nene zilizonyooka, au vipande viwili vya marumaru vilivyobaki kwa fundi wa sakafu. Juu ya ubao weka karatasi nyeupe safi, kitabu, karatasi tena, ubao wa pili, na juu yake dumu la lita 20 lililofungwa vizuri. Likiwa na maji ni kilo 20. Mimi nalijaza mchanga mkavu, ili likianguka nisifagie maji juu ya vitabu. Acha wiki mbili. Kwa vibonyeo vidogo na mawimbi, njia hii inatosha, na makosa yake ni machache. Robo tatu ya vitabu ninavyoletewa huishia hapa.

Fundi wa kuchapa fulana ana mashine ya joto. Inafaa?

Inaweza kufaa, ukiijua. Kwanza, fulana huchapwa kwenye nyuzi 150 hadi 190 hivi, na mashine nyingi hazisemi kweli zikishushwa hadi 70. Weka kipimajoto juu ya bamba lenyewe, pembe nne na katikati, usiamini namba za kioo. Pili, zile zinazofunguka kama mdomo wa mamba hubana upande wa bawaba kabla ya upande wa mbele, na kitabu huteleza. Bora ile ambayo bamba la juu huzungushwa pembeni likashuka likiwa limelala. Tatu, legeza mbano mpaka mpini ufungike kwa vidole viwili.

Na muombe fundi ruhusa ya kukiacha kitabu ndani usiku kucha baada ya kuzima. Hapo wengi hukataa, kwa kuwa asubuhi kuna fulana za harusi zinazongojewa. Akikataa, usifanye.

Nipange vipi ndani ya mashine?

Kutoka chini: ubao au bamba lililonyooka, karatasi kadhaa nyeupe za kuchapia, karatasi ya kuokea isiyogandana, kitabu, karatasi ya kuokea nyingine, kisha rundo dogo la karatasi nyeupe kama mto. Ndani ya kitabu ingiza karatasi nyeupe moja kati ya jalada na ukurasa wa kwanza, nyingine nyuma, na moja katikati penye pini. Hiyo ya katikati inazuia pini zisichore umbo lake kwenye kurasa zote.

Mgongo ni mnene kuliko ukingo. Ukiuacha hivyo, uzito wote utaangukia hapo na mgongo utapasuka rangi. Kata kadi jembamba linalofunika kitabu chote isipokuwa mgongo na uliweke juu, hadi ukipapasa kwa kiganja usione mwinuko.

Muda gani?

Dakika tano kwa kuanzia kwenye nyuzi 65. Zima, kiache ndani saa 12 hadi 24. Kitoe, kitazame dirishani. Kikihitaji tena, ongeza dakika mbili au tatu, au nyuzi tano, si vyote kwa pamoja. Ukibadilisha vitu viwili kwa mara moja hutajua kipi kilichokusaidia au kukuharibia.

Je, kuna wakati wa kuongeza unyevu?

Upo, ila mchache: mkunjo mkaidi kwenye karatasi iliyokaushwa vizuri. Lowesha kipande cha pamba, kikamue hadi kiwe karibu kikavu, gusa upande wa ndani wa mkunjo tu. Maji yawe yale yaliyochujwa kwa mvuke. Hapa tahadhari kubwa: dukani ukiomba maji ya betri unaweza kupewa maji safi au ukapewa tindikali, na chupa hufanana. Soma kibandiko, na kama hakisomeki, usinunue.

Majalada gani nisiyaguse kwa joto?

Yenye karatasi ya fedha au dhahabu inayong'aa, yenye maandishi yaliyovimba, yenye picha inayobadilika ukiigeuza, yanayowaka gizani. Vile vile vitabu vya mgongo bapa uliogundishwa kwa gundi, kwani joto huilegeza na kurasa huanza kudondoka. Hivyo vyote dumu la mchanga ndilo lake, tena kwa uzito wa nusu.

## Kuhifadhi na kuuza

Naweza kuweka karafuu au kufukiza udi kufukuza wadudu?

Najua ni desturi, na nyumbani kwetu nguo za sikukuu zilikaa hivyo. Lakini karafuu ina mafuta, na mafuta yake huacha doa la hudhurungi kwenye karatasi. Moshi wa chetezo nao ni masizi yanayonata. Kwa wadudu, hasa wale vijidudu vya rangi ya fedha wanaokimbia ukifungua sanduku, tumia friza: funga kitabu kilichokaushwa ndani ya mifuko miwili, kiweke kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha kitoe ukiache saa 24 bila kufungua mifuko. Ukifungua mapema, umande utaanguka juu ya karatasi badala ya juu ya plastiki.

Kasha la mbao la bibi linafaa kuhifadhia?

Ni zuri kulitazama, ila mbao hutoa asidi polepole na karatasi huinywa. Ukilitumia, kila kitabu kiwe ndani ya mfuko wake wa plastiki angavu ya Mylar au polipropilini na kadi lisilo na asidi nyuma yake. Liinue kutoka sakafuni, na lisigusane na ukuta wa mawe, kwani kuta za Mji Mkongwe hupandisha maji kutoka chini.

Nikikiuza, niseme kwamba nilikinyoosha?

Sema. Kampuni ya CGC ya Marekani, iliyoanza kazi mwaka 2000 na inayovipa vitabu alama kutoka 0.5 hadi 10, haihesabu kunyoosha kuwa ni kutengeneza upya. Kupaka rangi penye mstari mweupe na kukata kingo ni jambo jingine, hivyo hupewa kibandiko cha zambarau na bei hushuka. Ila mimi sisubiri kampuni ya mbali iniambie. Mnunuzi ana haki ya kuijua aibu ya bidhaa kabla hajatoa pesa yake, na ana haki ya kujua mkono ulipita wapi.

## Mambo magumu

Pini zimeshika kutu. Nizitoe?

Pini zetu huoza haraka kwa sababu ya chumvi ya bahari. Kutu ya juu juu iache, weka kitabu pakavu na itasimama. Usikinyooshe kwa joto, kwani kutu huhama.

Mama mmoja wa Wete aliniletea magazeti tisa ya marehemu kaka yake, yamefungwa kwenye kanga, kanga ndani ya mfuko wa plastiki uliopigwa fundo miaka mingi. Alitaka yawe kama mapya. Nilipofungua la kwanza, pini ilibaki kidoleni mwangu kama unga mwekundu, na karatasi iliyoizunguka ilikuwa imeliwa tundu la duara. Hatukunyoosha hata moja. Tuliyakausha siku nne, tukaziondoa zile pini zilizokwisha kuvunjika zenyewe, tukaweka karatasi safi katikati ya kila jozi ya kurasa, tukayalaza kwenye boksi. Alikubali. Alichotaka hasa ni kuweza kuyafungua bila kuyararua.

Kurasa zimegandana. Nizitenganishe vipi?

Ikiwa ni za karatasi ya kung'aa na zimekwisha kukauka zikiwa zimeshikana, kwa kawaida haziachani bila kuchukua wino. Usiingize kisu. Ikiwa bado mbichi, labda paa lilivuja usiku huu, usiziache zikauke kwanza: weka karatasi ya kuokea kati ya kila ukurasa sasa hivi, ukianza na zinazofunguka zenyewe, na ubadilishe kila zikilowa. Kama ni vitabu vingi kuliko mikono yako, vifunge kimoja kimoja kwenye mifuko na uvitie friza usiku huohuo. Hapo vitangoja hadi uweze kuvishughulikia kimoja kwa wakati.

Umeme umekatika mashine ikiwa imefungwa na kitabu kiko ndani.

Usifungue. Mashine itapoa yenyewe, na kupoa ndiko tulikokutaka. Ichomoe ukutani, kwani umeme ukirudi saa nane za usiku itaanza kupasha joto upya huku umelala. Kesho yake kitoe, kitazame dirishani, na uandike kwenye kadi lake dakika ngapi kilipata.